MJADALA: Watetezi Weusi wa Uingereza waendelee kusimulia yaliyowapata, au imetosha?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Oktoba huku Uingereza ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, jambo lililoanzishwa London mwaka 1987 kwa juhudi za Mghana Akyaaba Addai-Sebo. Wazo zuri kabisa. Ila siku hizi ikifika Septemba mialiko inamiminika: halmashauri, shule, mabenki, kila mmoja anatafuta Mweusi mwenye kisa cha kuliza watu. Anakuja, anaeleza alivyobaguliwa, wanafuta machozi, wanapiga picha, wanakula sambusa, basi, tutaonana mwakani. Malipo mara nyingi ni nauli, tena uidai.

Msimamo wangu ni huu: kusimulia bila kudai chochote ni kufanya kazi ya bure. Tazameni Bristol, 1963. Kampuni ya mabasi ya mji ilikataa kuajiri Weusi kama madereva na makondakta, na chama cha wafanyakazi kikaunga mkono. Paul Stephenson, mwanaharakati Mweusi wa hapo mjini, hakuomba jukwaa aeleze uchungu wake. Alimpangia usaili kijana mmoja mwenye sifa zote, Guy Bailey, halafu akawaambia kampuni kwamba huyo kijana ni mtu wa Karibiani. Usaili ukafutwa hapo hapo. Hapo akawa na ushahidi ambao hakuna wa kuubishia. Mgomo wa kutopanda mabasi ulitangazwa mwisho wa Aprili, na tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri. Septemba Raghbir Singh, Kalasinga, akawa kondakta wa kwanza asiye Mzungu. Sheria za kupinga ubaguzi za 1965 na 1968 zilikuja baadaye, na Bristol haikosekani kwenye historia ya sheria hizo. (Chama kilichorithi kile cha wafanyakazi kiliomba radhi 2013. Miaka 50! Watu wengine hawana haraka.)

Karibuni, ila tujibizane kwa hoja.

Mama Wawili

Mleta mada, umechagua mfano unaokufaa. Nami nakupa wa Paulette Wilson. Aliletwa Uingereza kutoka Jamaika akiwa mtoto, mwaka 1968. Akasoma, akafanya kazi, hata jikoni kwenye Bunge lao alipika. Karibu miaka 50 baadaye akaambiwa ni mhamiaji haramu, akafungiwa Yarl's Wood, kizuizi cha wahamiaji, akabakiza kidogo tu kupandishwa ndege. Hakuwa na chama wala mgomo. Alichokuwa nacho ni kisa chake, na alikubali kukitoa gazetini. Yeye na wenzake wa kizazi cha Windrush, yaani waliotoka Karibiani baada ya vita, waliposema, nchi nzima ikashtuka, na Aprili 2018 waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu. Sasa hiyo ni kazi ya bure?

Mleta mada

Dada, asante, umenibana vizuri. Lakini maliza kisa. Ripoti ya Wendy Williams, aliyepewa kazi ya kuchunguza sakata hilo la Windrush, ilitoka Machi 2020 na mapendekezo 30. Moja lilitaka serikali iandae mikutano ya kuwasikiliza waathirika ana kwa ana. Januari 2023 serikali ikatupa mapendekezo matatu, na hilo likiwemo. Na Paulette mwenyewe alifariki Julai 2020, mwezi mmoja tu baada ya kupeleka ombi la wananchi Downing Street, kwa waziri mkuu, kudai wenzake watendewe haki. Waziri aliondoka, fidia ikasuasua. Kisa kilifungua mlango, sikatai. Swali ni nani anausukuma baada ya kamera kuondoka.

Mtu wa Nyeri

Acheni niwaletee la kwetu. Wazee wa Mau Mau walikwenda Mahakama Kuu ya London. Julai 2012 Jane Muthoni Mara, Wambugu wa Nyingi na Paulo Nzili walitoa ushahidi wa mateso ya kambini, mambo ambayo mzee wa Kikwetu hasemi mbele ya watoto wake. Serikali ya Uingereza awali ilidai jukumu la mateso hayo lilihamia kwa serikali ya Kenya ulipokuja uhuru. Ila kulikuwa na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, na yalipojulikana 2011 yakawaunga mkono wazee. Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alieleza masikitiko ya serikali bungeni na kutangaza pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa ndani, kwa wadai 5,228. Gawanyeni wenyewe muone ni kidogo kiasi gani. Lakini bila mdomo wa Jane Muthoni yale mafaili yangebaki makaratasi, na bila mafaili yeye angeitwa mwongo. Kwa hiyo nyote wawili mna nusu ya hoja.

Mwamba wa Leicester

Mimi nimealikwa mara tatu na taasisi moja hapa mjini. Sasa najibu kwa barua pepe: naja, ila mkuu wa ajira awepo ukumbini, na mniambie kabla mna Weusi wangapi ngazi ya umeneja. Mwaka huu hawajajibu bado 😂

Mama Wawili

Mwamba, hiyo sasa naikubali. Lakini mwanangu ana miaka 11, na kwake Doreen Lawrence si kesi wala sheria. Ni mama aliyeuliwa mwanawe Stephen mwaka 1993 kituo cha basi, akakataa kunyamaza hadi wauaji wawili wakafungwa 2012. Akisimama mtu kama yule shuleni kwake, sitaki kwanza nimuulize ana dai gani.

Mleta mada

Shuleni nakubali, watoto wasikie. Mimi na benki ndiyo hatujamalizana.