Daktari anataka kinyama cha ubongo kikapimwe, kwani MRI haitoshi?

kaka_mkubwa: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 34, alianguka kifafa ghafla wakati hajawahi, tukapiga MRI ikaonyesha uvimbe mbele upande wa kushoto. Sasa daktari wa upasuaji anasema lazima kitolewe kinyama kikapimwe, halafu eti na vipimo vya vinasaba juu yake, hela nyingine hiyo. Mama hataki kusikia habari ya kutoboa kichwa, anasema aanze mionzi tu. Na hivyo vinasaba maana yake ukoo wetu una huu ugonjwa au?

BintiPangani: Pole sana ndugu yangu, mama naye mpe pole. Ila picha inaonyesha kitu kipo na kipo wapi, haisemi kwa uhakika ni nini, maana TB ya ubongo inaweza kukaa kama uvimbe hivyo hivyo, jipu pia, na hayo yana dawa zake mionzi haihusiki kabisa. Shemeji yangu alifanyiwa, wanatoboa tundu dogo kwenye fuvu, sindano inaongozwa na picha mpaka penyewe. Hatari ipo, kubwa ni damu kuvujia ndani, mama akae na daktari aulize yote. Muulizeni pia kama uvimbe wenyewe unatoleka, maana hapo kinyama kinapatikana kwenye upasuaji huohuo.

mtu_wa_maabara: Kuhusu ukoo ondoa hofu mkuu, vinasaba vinavyopimwa hapo ni vya uvimbe wenyewe. Tangu mwongozo wa WHO wa 2021 hata jina la uvimbe linategemea hivyo vipimo. Ikionekana ni glioma, yaani uvimbe wa seli saidizi za ubongo, kwa umri wake swali la kwanza ni kinasaba kinaitwa IDH. Kama IDH imebadilika na mkono mfupi wa kromosomu 1 na mrefu wa 19 yote imepotea, hiyo ni aina inayoitwa oligodendroglioma, kama IDH imebadilika ila mikono hiyo ipo ni astrositoma. IDH isipobadilika mara nyingi ni glioblastoma, hiyo inakimbia sana. Chini ya hadubini zinaweza kufanana ila matibabu na matarajio ni tofauti kabisa!! Kubana hela anzeni na kipimo cha rangi cha IDH1 R132H, badiliko la IDH linaloonekana zaidi, kinakamata karibu 90% ya mabadiliko ya IDH, ila kikitoka hasi kwa kijana kama huyo msiishie hapo, DNA isomwe.

kaka_mkubwa: Asanteni sana, nimemsomea mama yote, ameanza kulegea. Mgonjwa anameza deksa (deksamethasone, ya kupunguza uvimbe wa ubongo), haiharibu kipimo?

mtu_wa_maabara: Wasiwasi ni kama ni limfoma, saratani ya seli za kinga, deksa inaweza kuiyeyusha kinyama kikatoka hakina jibu. Mwambieni daktari mapema, ila msiikatishe wenyewe, ubongo unaweza kuvimba. Na majibu yakitoka ulizieni bloku ya nta yenye kinyama, ndiyo inayotumwa maabara nyingine vikitakiwa vipimo zaidi, asitobolewe tena.