Mbao mbichi, futi fupi, na mtu anaapa haki ya Mungu ni kavu. Nimechoka na hizi yadi za mbao Nairobi

Wadau salamu. Mimi humu huwa nasoma tu na kuondoka lakini hii leo lazima niitoe, juu imenikaa kifuani tangu Januari na hadi juzi kila asubuhi nikifungua mlango nilikuwa naiona meza niliyounda na mbao zao hapo kwa nyasi na moto unawaka upya.

Mamangu hutujia kutoka Murang'a Krismasi, na ndugu zangu nao huja na watoto, tunakuwa watu kama kumi na wawili na sebule yetu hapa Utawala haitoshi hata nusu. Mwaka jana nikasema nitatengeneza meza ya nje, ile ya pikiniki imeshikana na benchi zake pande mbili, ikae hapo karibu na mwembe wote tule pamoja. Kuunda mbao si kitu kigeni kwangu, babangu alikuwa seremala na nilishika randa kabla sijajua kuendesha baiskeli. Kwa hivyo kabla mtu aniambie ati ningeita fundi, tafadhali, hii si stori ya mtu hajui kazi. Ni stori ya mtu aliuziwa kitu kwa jina la kitu kingine.

Nilipiga hesabu vizuri. Juu ya meza vipande 5 vya 6x2 (upana inchi 6, unene 2) vya futi 6, benchi vipande 4, miguu 4, boriti mbili za kubeba benchi, zingine za kushikilia juu ni 4x2. Nikapata 6x2 saba za futi 12 na 4x2 moja. Novemba, mvua za vuli ziko juu, nikaenda yadi moja huku upande wa Eastern Bypass, jina siweki. Mwenyewe ni mzee, rika la babangu, nikamsalimia kwa heshima nikamwambia mzee wangu nataka saiprasi kavu, ni ya meza ya kulia chakula, sitaki mbao mbichi. Akanishika bega kabisa. "Kijana yangu, hii imekaa hapa tangu Julai, imekauka hadi inalia, haki ya Mungu." Nikaigusa nikaona ina ubaridi, nikamuuliza, akasema hio ni mvua ya jana imeshika juu tu, ndani ni kavu. Bei bob 75 kwa futi. Futi 84, elfu sita mia tatu, na 4x2 bob 50 kwa futi, nikatuma M-Pesa, vijana wakapakia kwa pikapu huku tunanyeshewa. Risiti nikapewa karatasi imeandikwa "mbao" na pesa basi.

Nyumbani ndio nikatoa tepu. Sasa sikieni. 6x2 haikuwa na upana wa inchi 6, ilikuwa 5 na robo. Unene sio 2, ni 1 na robo tatu, na kipande kimoja upande mmoja kilikuwa 1 na nusu upande ule mwingine karibu 2, yaani msumeno ulitembea kama mlevi. Urefu wa futi 12 ulikuwa futi 11 na inchi 8, zote saba. Inchi 4 mara saba ni futi mbili na zaidi nimelipia na haziko duniani.

Nikampigia simu. Ati "boss, msumeno unakula." Msumeno unakula! Hilo jibu linaniudhi hata sasa nikiandika. Msumeno unakula wakati gogo linapasuliwa, na hio ni hasara ya mwenye kupasua, anaijua kabla hajawasha mashine, anaiweka kwa bei. Mimi nimenunua ubao umeshapasuliwa. Ukienda buchari ununue kilo, mwenye nyama hawezi kukuambia kisu kimekula robo. Na msumeno hauli urefu jameni, urefu unakatwa na mtu ameshika tepu mkononi.

Kuna watu watakuja hapa kuniambia hata Marekani 2x6 yao si 2 kwa 6. Ni kweli, ni inchi 1 na nusu kwa 5 na nusu. Lakini hio ni baada ya kukaushwa na kupigwa randa, na kipimo kiko kwa standadi, kila mtu anakijua, haibadiliki kutoka yadi hii hadi ile. Na ubao wao wenye mhuri wa kukauka unamaanisha maji hayazidi asilimia 19. Mimi ramani yangu niliitoa huko YouTube nikijua nikipiga randa 6x2 ya kwetu nitabaki na 5 na nusu. Nilibaki na 5 kamili. Vipande 5 vya juu ya meza, nilitarajia inchi 27 na nusu, nikapata 25. Sahani mbili zikitazamana hapo katikati sufuria ya pilau haina pa kukaa.

Sawa, nikameza. Krismasi inakaribia, pesa imeenda, nikaunda. Na niliunda vizuri, hilo sitaki mtu aliguse. Bolti 16 na washa zake, kila ubao upande wa moyo wa mti nikauelekeza juu, kwa sababu ubao ukikauka huwa unajikunja kuelekea upande wa ganda, ukiuweka kinyume unashika maji kama bakuli. Kati ya ubao na ubao niliacha nafasi ya msumari wa inchi 4 maji ya mvua yapite. Vanishi mikono mitatu. Krismasi tulikula hapo, mamangu akabariki meza, watoto wakakataa kuingia ndani hadi giza. Siku hio nilisema basi, wacha nisamehe mambo ya vipimo.

Halafu Januari ikaja na lile jua lake.

Wiki ya pili nikasikia mlio usiku, nikadhani ni paka kwa mabati. Asubuhi naona ubao wa pili kutoka ukutani umepasuka kutoka kichwani ukiingia ndani shibri nzima, ndio ule ulikuwa na kiini cha mti katikati kabisa, na kulikuwa na viwili vya hivyo. Vanishi ikaanza kufura malengelenge, ukiyabonyeza chini kuna unyevu na madoa ya buluu yanayoenda meusi, huo ni ukungu wa mbao iliyofungiwa maji ndani. Mguu mmoja ukajisokota, meza ikaanza kucheza. Zile nafasi nilizoacha za msumari, binti yangu alikuwa anafanya homuweki hapo penseli ikapita katikati ikaanguka chini, akaniambia baba meza imekula penseli. Nikapima, nafasi imekuwa karibu mara mbili. Nikashika spana nijaribu bolti, zile nilikaza mwenyewe hadi washa ikazama kwa ubao, kila moja ilizunguka raundi moja na nusu kabla haijashika tena. Hebu fikiria hapo. Mbao mbili zimeshikana na bolti imelegea hivyo bila mtu kuigusa, ni mbao yenyewe imekonda.

Mamangu alirudi kwa mazishi mwisho wa Januari akakaa hapo asubuhi na chai yake. Ubao wa katikati umepanda mgongo. Akaweka kikombe, kikateleza polepole hadi kikamwaga chai kwa leso yake. Hakusema kitu. Alipangusa tu akakishika mkononi hadi akamaliza. Mimi hio imeniuma kuliko zile elfu sita.

Kwa hivyo nikarudi yadi, na sikwenda kupigana. Nilienda kununua futi moja ya 6x2, nikamuuliza tena mbele ya kijana wake, mzee hii ni kavu? Kavu kabisa. Nikaenda nayo moja kwa moja kwa jirani yetu anayeoka keki, ana mizani ya dijitali na oveni. Kipande kilikuwa gramu 1,150. Akimaliza keki zake jioni tunakiingiza kwa digrii mia na kidogo, tunapima, tunarudisha, jioni tatu, hadi uzito ukakataa kushuka tena. Gramu 760. Wadau, gramu 390 ilikuwa maji. Ukigawa kwa 760 unapata asilimia 51. Kwa kila kilo mbili za mbao nimebebeshwa kilo ya maji juu yake! Hio haijakaa tangu Julai, hio ilikuwa mti umesimama juzi.

Nikampelekea hesabu kwa karatasi. Hapo sasa akageuka. Mara ni serikali, mara ni ile marufuku ya kukata miti, ati tangu marufuku mbao zinatoka mbali, wanachukua wanachopata. Marufuku iliwekwa 2018, na Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023. Na hata kama ingekuwepo mpaka leo, marufuku inaweza kueleza bei kupanda, nitaelewa na nitalipa. Haiwezi kueleza mtu kuapa kwa Mungu.

Akaniongezea lingine, ati ningechukua ile ya rafu ya pili "imetiwa dawa", ya rangi ya kijani. Nikamuuliza dawa gani? Dawa ya mbao. Najua, lakini ni gani? Hajui. Nikapitisha hankachifu nyeupe ikatoka kijani. Sasa hapa ndio naomba kila mzazi asikie. Kuna dawa ya mbao ya siku nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, ndio ile CCA ya nguzo za stima na za fensi, na kwa nguzo inafanya kazi yake. Aseniki ni sumu. Marekani mwisho wa 2003 waliacha kuitengeneza kwa mbao za nyumbani, na meza za pikiniki zikiwemo, juu watoto wanashika, wanalamba vidole, wanakula hapo. Sisemi ile ya yule mzee ni hio, inaweza kuwa rangi tu amepaka na brashi ili aongeze bei. Ninachosema ni mtu anakuuzia mbao ya mezani iliyopakwa kitu yeye mwenyewe hakijui jina. Na vipande vikibaki watu huku wanawashia jiko! Mbao ya CCA haichomwi, moshi wake na majivu yake yanabaki na hio sumu.

Mimi sina shida na mbao mbichi. Hilo nataka lieleweke. Babangu alinunua mbichi maisha yake yote, alikuwa anaipanga juu ya mawe kivulini, vijiti kati ya kila safu hewa ipite, mabati juu, vichwa vya mbao anapaka rangi zisipasuke, halafu anaiacha miezi na miezi. Ningeambiwa ni mbichi ningelipa bei ya mbichi, ningeipanga hivyo hivyo, na Krismasi tungekula kwa mkeka tu na meza ingekuja Pasaka. Nilinyimwa hio nafasi ya kuamua. Katiba Kifungu cha 46 kinasema mtumizi ana haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa alizonunua. Habari tatu tu nilihitaji, ni kavu au mbichi, ni inchi ngapi kwa tepu, na imepakwa nini. Mbili za kwanza nilidanganywa, na ya tatu hata muuzaji mwenyewe haijui.

Pesa hajarudisha. Alinipa nipunguziwe bob 5 kwa futi nikinunua tena, nikamwambia asante mzee, nikaondoka.

EDIT: Kuna mwenye ameuliza kama ni lazima utumie oveni. Hapana. Nenda na tepu, pima upana, unene na urefu kabla pesa haijatoka, usipime moja, pima ile ya chini ya rundo. Gonga na kifundo cha kidole, kavu inalia, mbichi inajibu kama unagonga ndizi. Inua kipande kimoja halafu inua cha saizi hio hio unachojua ni kikavu. Angalia kichwani, ukiona kile kiduara cha kiini kiko katikati ya ubao rudisha, huo utapasuka. Na mwambie aandike kwa risiti "kavu" na vipimo. Nimejaribu hio ya risiti kwa yadi tatu wiki hii, hakuna hata mmoja aliyekubali kuandika.

Meza nimeifungua yote jana. Mbao ziko juu ya mawe nyuma ya nyumba na vijiti katikati kama alivyokuwa anafanya babangu, mbili zilizopasuka nimezitoa, bolti ziko kwa mkebe. Nahitaji vipande viwili vya futi 6, upana 5 na robo ili nikivipiga randa vilingane na zilizobaki, vikavu kweli. Kama kuna mwenye anajua yadi huku Eastlands, au hata Gikomba, mahali mwenyewe atakuandikia kwa risiti alichokuuzia, aniwekee hapa. Nitakuja na tepu.