Blanketi la viraka lisilo na kielelezo: nifanyeje lilale bapa na kupendeza?

Mshonaji wa Jinja

Mafundi wenzangu, salamu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka kwenye gunia mabaki ya vitenge vya wateja, na sasa nimeamua kuyaunga yawe blanketi la mjukuu wangu. Mara ya kwanza nilichora kila kitu kwenye karatasi, nikakata miraba iliyolingana, na kazi ikatoka safi lakini haina uhai, mithili ya vigae vya sakafuni. Mara ya pili nikafumba macho na kushona chochote mkono ulichochomoa guniani. Nilifurahi mchana kutwa, lakini nilipolitandaza kitandani lilikuwa limevimba katikati kama andazi, na rangi zake hazikupatana hata kidogo. Naomba mnieleze: mtu anachezaje na vitambaa kwa uhuru bila kazi kumharibikia?

Fundi wa Kiyembe, Kampala

Mama, shikamoo. Kwa maoni yangu, kufumba macho siko kucheza. Mtoto anayefinyanga udongo hauondolei macho udongo wake. Anaubonyeza, anautazama, kisha anaamua tena. Nawe jiwekee sharti moja tu kabla ya kuanza, kwa mfano rangi mbili zinazopatana na ya tatu ya kuzichokoza, halafu mengine yote uyaamue kipande kwa kipande. Mimi hupenda buluu, nyeupe, na manjano kidogo sana.

Kuhusu kuvimba, sababu yake ni nyepesi kuieleza ingawa inasumbua. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, kwa kuwa ukingo wake haushikwi na nyuzi za urefu wala za upana, na ukikivuta chini ya sindano, au ukiburuta pasi juu yake, ukingo unarefuka. Urefu huo wa ziada hauondoki. Unahamia katikati ya kazi yako. Kwa hiyo kata bila rula upendavyo, lakini pasi iinue na kuituliza, usiiburute. Kila unapomaliza kuunga vipande vinne au vitano, lipige pasi fungu hilo, kisha ndipo uchukue rula na kunyoosha kingo zake. Fungu likiwa fupi kuliko jirani yake, liongezee utepe. Likiwa refu, lipunguze bila huruma, na hicho unachokikata ukirudishe guniani, maana mara nyingi ndicho kitakachokuokoa kesho. Mimi huacha robo inchi ya mshono, na zaidi ya hapo kwa kitambaa kinachochanika nyuzi, kama kile cha gomesi kuukuu, lile vazi refu la kina mama wa Uganda.

Msomaji wa Masaka

Naongeza mfano mmoja ambao ulinibadilisha. Huko Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake ambao wazee wao walikuwa watumwa katika shamba la pamba walishona mablanketi ya namna hii kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney jijini New York. Katika baadhi yake unaona suruali iliyopauka kwa jua, na katikati ya mpauko huo mraba wa buluu iliyokolea, mahali mfuko ulipobanduliwa. Doa lile halikuchorwa na mtu; mshonaji aliliona akaliacha liseme.

Na sisi hapa tuna lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa turathi ya binadamu. Gome likitoboka wakati wa kupondwa hutiwa kiraka, na kiraka hicho kinaonekana.

Mama Viraka, Mbale

Nakubaliana na mafundi, ila hamjasema habari ya kufua. Vitenge vyekundu vingi huchuja. Sugua kila kipande kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kifue peke yake mpaka maji yawe meupe. Nilipuuza jambo hili mara moja, na blanketi la miezi mitatu likawa la waridi lote.

Mshonaji wa Jinja

Asanteni sana, wapendwa. Nimechagua kijani, nyeupe na manjano, nikatandaza vipande juu ya mkeka, na kila jioni nimekuwa nikivihamisha kabla ya kushona. Jana mjukuu wangu alichukua kipande cha manjano nilichokuwa nimekiweka katikati, akakipeleka pembeni kabisa, akaketi juu yake. Nilitaka kukirudisha, lakini nilipotazama vizuri nikaona kuwa katikati palikuwa pamepumua, basi nimekishona palepale. Mafungu manane yako tayari na yamelala bapa. Kesho naweka blanketi kuukuu kuwa tabaka la ndani na kuanza kupiga bandi, yaani kuyashikiza matabaka kwa mishono mirefu, kutoka katikati kwenda pembeni.