Ukuta wa kuzuia udongo kwenye mteremko, Kampala: matofali au mawe?

Mkazi_Bunga
Wadau, nyuma ya nyumba tumekata mteremko, umebaki ukingo wa udongo wenye kimo cha mita 1.2 na urefu wa mita 10. Chini yake nataka kutandaza pevingi. Fundi anapendekeza matofali ya kuchoma, unene inchi 9. Paipu za kutolea maji hazitaki, anasema zinachafua ukuta. Je, itasimama?

Fundi_Mawe
Haitasimama, ndugu. Inchi 9 ni ukuta wa chumba. Huu unashikiliwa na uzito wake, kwa hiyo upana wa chini uzidi nusu ya kimo: kwako sentimita 70 chini, 40 juu, uso wa mbele ukilalia mlimani kidogo. Tumia mawe, saruji na mchanga 1:4. Chimba msingi sentimita 40 hadi ukute udongo asilia. Ukijenga juu ya kifusi, ukuta utainama mbele. Andaa mawe mita za ujazo 9 hadi 10.

Paipu usikubali ziachwe. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa kimo hicho yanasukuma kwa nguvu ya takriban kilo 700 kwenye kila mita ya urefu, mbali na udongo wenyewe. Mvua za Machi hadi Mei ndizo huangusha kuta za namna hii. Weka paipu za inchi 3 kila mita 1.5, sentimita 15 juu ya usawa wa pevingi, ziinamie nje. Nyuma ya ukuta jaza kokoto safi, upana sentimita 30, kuanzia chini hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo pitisha kitambaa cha kuchujia, la sivyo tope jekundu litaziba kila kitu na paipu zitabaki mapambo. Sentimita 20 za juu funika kwa udongo mzito ulioshindiliwa.

Mama_Ramani
Naongezea: maji ya paa yanakwenda wapi? Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 30 linamwaga lita 3,000. Yakimwagwa juu ya ukuta huo, kokoto hazitamudu. Shimo la maji taka nalo lisiwe upande wa juu karibu na ukuta.

Mkazi_Bunga
Asanteni sana. Vipi gabioni, vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe?

Fundi_Mawe
Ni nzuri, maji yanapita yenyewe. Ila kikapu cha kawaida kina upana wa mita 1, kitakula uwanja wako. Baki na mawe. Usijaze udongo nyuma kabla ya siku 7, kisha shindilia tabaka za sentimita 15 kwa mkono; mashine nzito karibu na ukuta itausukuma.

Mama_Ramani
Na mbele ya ukuta acha mfereji unaoshuka sentimita 1 kwa kila mita hadi mtaro wa barabarani, si kwa jirani. Pevingi ziinamie mfereji huo.