Kolamu ya polima: rangi ya mwani inapita bila kushika, presha inapanda

Mwani_Malindi
Assalam aleikum wanajukwaa. Tunatenga fikoerithrini, ile protini nyekundu, kutoka kwa mwani wa Hypnea unaotupwa ufukweni hapa Malindi. Kolamu, yaani bomba la kutenganishia, ni ya kioo, kipenyo cha ndani milimita 8, urefu sentimita 10, na ndani yake kuna fimbo moja ya polima yenye vitundu. Kwa mililita 10 za mchanganyiko: glisidili methakrilati 2.4, ethilini dimethakrilati 1.6, saikloheksanoli 5.7 na dodekanoli 0.3 (hizi mbili ndizo za kuacha vitundu), na AIBN, kianzishi cha mgandano, miligramu 42. Saa 24 kwenye nyuzi 70. Baadaye dietilamini, ili fimbo ibebe chaji chanya na kuishika protini, yenye chaji hasi.

Matatizo ni mawili. Presha ni bar 18 kwa mililita 1 kwa dakika, na kila tukipitisha juisi ya mwani inazidi. Halafu rangi inapita karibu yote. Ukitazama kwa karibu unaona uzi mwekundu ukishuka upande mmoja wa kioo ilhali katikati fimbo bado nyeupe. Tuanzie wapi?

Fundi_Shela
Waaleikum salaam. Anzia kwenye huo uzi: fimbo imeachana na kioo. Polima hii hunywea inapogandana, na kioo kisichoandaliwa hakiishikilii. Loweka ndani kwa NaOH ya mola 1 saa nzima, suuza, kausha, kisha paka silani (kemikali inayojifunga kwenye kioo) yenye kundi la methakrilati. Kundi hilo litaingia kwenye mnyororo wa polima, na fimbo itashikana na ukuta.

Kuhusu presha, pitisha maji ya kukenekwa matupu kwanza. Ikiwa juu hata kwa maji, kosa limo ndani ya fimbo, na kwa vipimo vyako nadhani ndivyo. Dodekanoli ni chache mno na joto ni kubwa mno. Dodekanoli huifanya polima ijitenge mapema na kuacha njia pana. Joto kubwa nalo huvunja kianzishi kwa kasi, viini vingi vidogo huzaliwa kwa pamoja, na mianya baina yao huwa finyu. Jaribu saikloheksanoli 4.8 na dodekanoli 1.2 kwenye nyuzi 55, saa 24 zile zile. Badilisha kimoja kimoja, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Na angalia chumba chenu. Saikloheksanoli huganda kwenye nyuzi 25 hivi, dodekanoli 24. Nje kwa joto la pwani chupa ni maji. Ndani ya AC inakuwa kama samli, na pipeti haipimi sawasawa. Pasha chupa hadi 35, pima kwa mizani. Usisahau kupitisha naitrojeni dakika 10 kabla ya kuziba, maana oksijeni hukwamisha mgandano. Tumia beseni kubwa la maji lenye kifuniko, ili umeme ukikatika joto lishuke polepole.

Sabaki_Bio
Ukuta ukitengenea, bado chumvi itakusumbua. Maji ya bahari yana upitishaji wa umeme wa karibu milisimensi 50 kwa sentimita, na mwani usiosuuzwa vizuri unakuja nayo. Kolamu ya kubadilisha ioni kama yako, inayoshika kwa chaji, haishiki protini kwenye chumvi hiyo hata ikiwa timamu. Shusha upitishaji chini ya 3 kabla ya kupakia, kwenye bafa (kimiminika kinachotunza pH) ya fosfati ya sodiamu milimola 20, pH 7.

Nimesema sodiamu makusudi. Hypnea ina karajinani, ule utelezi wa mwani, aina ya kappa, na potasiamu huigandisha. Tena ina chaji hasi nyingi, inakamata kolamu kuliko protini yako na haitaki kuachia. Hiyo ndiyo presha inayozidi kila mara. Kwa hiyo: suuza mwani (mvua ikinyesha bara, mto Sabaki unamwaga tope hadi huku), saga kwenye baridi, zungusha kwenye sentrifuji, kisha amonia salfeti gramu 29 kwa kila mililita 100 za juisi baridi. Protini inazama, sehemu kubwa ya karajinani inabaki juu. Yeyusha mashapo, fanya dayalisisi (kutoa chumvi kupitia mfuko wa utando) kwa kubadilisha bafa mara tatu, chuja kwa maikromita 0.45. Yote hayo gizani, rangi hii hupauka kwa mwanga.

Maalim_Kemia
Mimi nauliza kama fimbo inahitajika kweli. Faida yake ni njia za maikromita 1 hadi 2: mkondo wenyewe huifikisha molekuli ukutani, bila kusubiri isambae. Ndiyo maana inafaa plasmidi (DNA za mviringo za bakteria) na virusi, ambavyo haviingii kwenye vitundu vya chembe za agarosi. Lakini eneo lake la ndani ni dogo, hivyo hubeba protini kidogo. Fikoerithrini ina kilodaltoni 240 na upana wa nanomita 11 hivi; inaingia kwenye agarosi. Ningetumia DEAE-agarosi, yaani chembe za agarosi zenye chaji chanya, kwa kazi kubwa, taratibu, mililita 0.5 kwa dakika, na fimbo kwa usafishaji wa mwisho.

Mwani_Malindi
Ahsanteni sana. Fimbo iliyopo itaokoka?

Fundi_Shela
Uchafu utatoka: NaCl ya mola 2, kisha NaOH ya mola 1 polepole, kisha bafa hadi pH irudi 7. Mwanya wa ukutani hauzibiki. Gandisha nyingine.