Mrejesho: CG125 ngumu kuwaka asubuhi, kiki laini (Ujiji)

Wakuu, niliuliza kuhusu injini ya pikipiki ya Honda CG125 inayogoma kuwaka ikiwa baridi, kiki laini, silensa inapiga mara moja moja. Mkasema nipime tapeti (nafasi ndogo kati ya roka, mkono unaobonyeza valvu, na valvu yenyewe) kabla ya kugusa kabureta. Ndiyo yenyewe.

Injini baridi kabisa, plagi nje, magneti inazungushwa kinyume cha saa hadi T (alama ya pistoni ikiwa juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye bodi ya injini. Hapa kuna mtego: tapeti iliyobana haichezi hata ukiwa kwenye kompresheni, ambapo valvu zote zimefungwa, hivyo unaweza kudhani umekosea mzunguko, maana T hufika pia mwisho wa mzunguko wa egzosi. Fuata roka ya valvu ya kuingiza. Ikishabonyeza na kuachia, T inayofuata ndiyo sahihi.

Ya kuingiza ilisoma milimita 0.12. Ya egzosi hata fila (kibamba chembamba cha kupimia) ya 0.03 haikupita! Zote zimewekwa 0.08. Skrubu ishikiliwe wakati nati inakazwa, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huhamisha nafasi. Fila itoke kwa kukwaruza kidogo.

Valvu ya egzosi ilikuwa haikai sawasawa kwenye siti (mahali inapofungia kwenye hedi), kompresheni ikavuja. Tena valvu hupoa kupitia siti hiyo, kwa hiyo ingeungua. Bora tapeti inayogonga kuliko iliyobana kimya.

Sasa kiki ni nzito, inawaka mara moja, silensa haipigi tena. Nitapima tena baada ya kilomita 500. Ikibana tena, hedi inafunguliwa, valvu zinasagwa zikae vizuri kwenye siti.