Tupeane uzoefu: umenunua V8 ya zamani, ukaamua kuiendesha mwenyewe mpaka nyumbani

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki tatu zilizopita nimeleta nyumbani gari niliyoiwinda miaka mingi: Dodge Charger ya 1969, injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 383, otomatiki ya gia tatu. Kilomita 640. Muuzaji mwenyewe alinishauri niibebeshe kwenye lori, nikajidai dereva. Sasa na nyie mliowahi kulala barabarani na gari iliyowazidi umri, leteni zenu. Hadithi za "jirani yangu aliwahi" sizitaki, lete ya kwako.

Naanza. Kilomita 200 za kwanza raha tupu, watoto wa njiani wananipungia. Halafu tairi la nyuma kushoto likaanza kuisha upepo. Nikaegesha, nikatoa jeki, nikafungua nati kama nilivyozifungua maisha yangu yote. Hazitikisiki. Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili, nikaruka. Pah! Nikashangilia kwamba imelegea, kumbe imekatika na stadi yake (ule msumari wa uzi unaoshika nati). Nikaruka ya pili, nayo hivyo hivyo. Ndipo nikainama na tochi nikaona herufi L ndogo (left, yaani uzi wa kushoto) kwenye ncha ya stadi. Magari ya familia ya Chrysler ya miaka ile, upande wa kushoto, nati zake zinafunguliwa kwa kuzungusha kulia. Wahandisi walihofia gurudumu linavyozunguka kwenda mbele litalegeza nati zenyewe. Yaani muda wote ule mimi nilikuwa nazikaza, tena kwa uzito wa mwili mzima.

Nati tano, nimevunja mbili. Nililala humo humo garini, asubuhi nikatambaa na tatu mpaka kwa fundi wa kwanza niliyemkuta. Alicheka kabla hata sijamaliza kueleza.

Mzee wa Platini:
Pole mkuu, umenikumbusha mbali. Yangu ilikuwa imelala bandani miaka 11. Niliikagua injini kama daktari: kompresheni safi, oili mpya, plagi mpya, platini (zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi) nikazisugua na kuziweka nafasi yake. Tenki sikuligusa. Kosa langu ndilo hilo.

Kilomita 60, gari ikaanza kukohoa kwenye mlima. Nikikanyaga inakufa, nikiachia inafufuka. Nilikuwa nimefunga filta ya mafuta ya kioo, ile unayoona ndani. Nafungua boneti, naikuta imejaa kitu kama chai ya rangi. Kutu. Tenki likikaa tupu miaka yote hiyo linapata kutu ndani, na ukilijaza mafuta likaanza kutikisika barabarani, takataka zote zinaamka kwa pamoja. Nilibadilisha filta nne siku ile. Ya nne nilikuwa naibadilisha kwa dakika tatu, kidole kimoja kimeziba mrija, meno yameshika klipu. Ya tano sikuwa nayo, hivyo kilomita 30 za mwisho nilikuwa nasimama, naitoa, naipuliza kwa mdomo, naifunga tena. Ladha ya petroli nilikaa nayo siku mbili.

Injini yenyewe haikunisumbua hata dakika moja. Tangu siku hiyo, kwa gari iliyolala muda mrefu, nasafisha tenki na kubadilisha kila mpira unaopitisha mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli inailainisha mipira ya zamani kwa ndani, wakati kwa nje inaonekana mizima.

Nusu Tanki:
Yangu fupi. Jua kali, foleni ya matengenezo ya barabara, gari ikazima na kukataa kuwaka. Mafuta yapo, moto wa plagi upo. Petroli ilikuwa inachemka ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye kabureta, pampu ikabaki inasukuma mvuke. Kitambaa chenye maji juu ya pampu, subiri nusu saa, ikawaka. Mzee mmoja aliyesimama kunisaidia akanipa vibanio vya nguo vya mbao, nibane kwenye mrija wa mafuta. Nikavibana. Haikuzima tena.

Mzee wa Platini:
Vibanio ni uganga tu, mkuu. Haikuzima kwa sababu ulitoka kwenye foleni, upepo ukapita.

Nusu Tanki:
Uganga au si uganga, nilifika.

Mama V8:
Naomba na mimi niingie, maana mnaongea kama wanaume peke yenu ndio mna petroli mikononi.

Chevrolet Chevelle ya 1970, nimeinunua mwenyewe kwa jasho langu, mume wangu akanisindikiza. Saa tano usiku, geji inasoma robo ila simwamini mtu wala geji. Tunaingia kituoni, hatuoni pa kutia mafuta. Kushoto hakuna, kulia hakuna. Mume wangu akafungua buti, akatoa na zulia. Mhudumu naye akaja na simu anamulika chini ya gari. Dakika 20! Mimi nimechoka, nikaegemea nyuma, goti likagusa namba ya gari, ikainama. Mfuniko huo hapo nyuma yake. Na ukitia kwa pupa mafuta yanakurudia kwenye viatu.

Kuku Mgeni:
Dada umeniua mbavu 😂

Mimi kwangu haikuwa ya kuchekesha. Tairi zangu zilikuwa na kashata (mikato ya juu) nzima, hata vile vinywele vya kiwandani vilikuwepo. Kwenye kilomita 90 kwa saa usukani ukaanza kutetemeka, nikapunguza, na hapo hapo utando wa juu ukabanduka na kupiga fenda. Baadaye nikasoma namba za DOT (msimbo wa tairi wa Marekani) ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2803 ni wiki ya 28 ya 2003. Zangu zilikuwa na tarakimu tatu, maana yake zilitengenezwa kabla ya 2000. Wakuu, pigeni magoti msome tairi kabla ya kutoa hela.

Halafu kelele! Gia tatu, difu ya 3.91 (shafti inazunguka mara 3.91 gurudumu likizunguka mara moja), kwenye 100 kwa saa injini inazunguka kama mara 3,100 kwa dakika. Saa sita mfululizo. Nilipozima gari nyumbani bado nilikuwa naisikia.

Mgeni wa Jukwaa:
Nimesoma yote. Jumamosi nakwenda kuchukua ya 1965, kilomita 480. Nibebe nini?

Mzee wa Platini:
Nyingi za 1965 zina silinda kuu ya breki yenye mfumo mmoja tu kwa magurudumu yote manne. Mrija mmoja ukipasuka, pedali inazama mpaka chini na huna kitu. Mifumo miwili ilienea kwenye modeli za 1967. Badilisha mipira ya breki hapo hapo kwa muuzaji, usiondoke bila hivyo. Filta tano, mkanda wa feni, maji, tochi.

Mgeni wa Jukwaa:
Na vibanio?

Mzee wa Platini:
...Beba.